Sabuni haitoi povu? Mwenye duka hana kosa

Unafua kwa maji ya kisima, unasugua sabuni ya mche mpaka kiganja kinauma, povu hakuna. Kwenye beseni unaelea utando wa kijivu tu. Watu husema sabuni ni feki. Mwenye duka anatukanwa bure, na hilo linaniuma.

Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile tunalolichoma tanuuni kupata chokaa. Mvua ikipenya ardhini huliyeyusha kidogo kidogo, na maji hufika kisimani yamebeba kalsiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chokaa. Sabuni hushikana nayo ikawa utando ule, na mpaka kalsiamu iishe povu halitoki.

Wengine husema ni chumvi. Visima vya karibu na bahari huwa nayo kweli, lakini ulimi utakwambia. Tazama birika lako: ule ukoko mweupe ungekuwa chumvi, maji yangeuyeyusha. Ukamulie ndimu uone unavyotoa vipovu. Hiyo ni chokaa.

Sare za watoto zifue kwa maji ya mvua ukiyakinga, au kwa sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi sana na maji haya.