Kriketi haikuwafikia Waafrika Kusini weusi mwaka 1998

Makhaya Ntini alipoichezea Afrika Kusini mwaka 1998, Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia timu yao ya Test, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa, wengi walisema kriketi ndiyo kwanza imewafikia watu weusi. Kauli hiyo bado inasikika. Si kweli, na inawadhulumu watu waliokwisha kufa.

Ntini anatoka Mdingi, kijiji kilicho karibu na King William's Town, mji ambao sasa unaitwa Qonce. Katika mji huohuo, mwaka 1884, John Tengo Jabavu alianzisha gazeti la Kixhosa, Imvo Zabantsundu, lililochapa pia habari za klabu za kriketi za Waafrika. Vijana walikuwa wameujua mchezo katika shule za misheni kama Lovedale. Yaani zaidi ya karne moja kabla ya Ntini, mtu aliweza kufungua gazeti akasoma habari za kriketi kwa lugha ya mama yake.

Basi wachezaji hao walipotelea wapi? Walifungiwa mlango. Mwaka 1894 Krom Hendricks, mrusha mpira mwenye kasi ya kutisha, aliachwa nje ya timu iliyokwenda Uingereza kwa sababu ya rangi yake tu. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town ambaye naye hakuwa mzungu, ilibidi ahamie Uingereza ndipo acheze Test. Mwaka 1968 aliifungia Uingereza mikimbio 158 uwanjani The Oval. Alipoitwa kwenye timu ya Uingereza iliyokuwa izuru Afrika Kusini, serikali ya John Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, ilikataa kuipokea timu hiyo. Ziara ikafutwa.