Kishikwambi hakihitaji bando ndipo kifundishe

"Mwezeshaji, hapa hatuna bando. Sasa hivi vishikwambi tuvifanyie nini?"

Swali hili nimelisikia Kasulu na Nguruka, na nimelisikia katika shule moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako hufiki ila kwa boti. Wiki iliyopita nimeulizwa tena, na mwalimu aliyeniuliza alikuwa ameshika ufunguo wa kabati. Alipolifungua nikaona vishikwambi tisa vimepangwa kama madaftari, vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya mwaka 2022 kisha wakapewa walimu. Vinne havikuwaka kabisa. Betri ya lithiamu ikiachwa miezi mingi bila chaji hufa, na hapo ndipo kifaa kizima kinapogeuka mzigo. Iliniuma sana, kwa sababu darasa lilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye kabati lile.

Walimu wenzangu, naomba tuelewane hapa kabla ya jambo lingine lolote: Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha vifaa vilivyo karibu. Intaneti huja kutoka mbali, kwa mnara wa simu au kwa waya. Mwanafunzi akimpa daftari mwenzake wa dawati la nyuma, daftari halipitii posta. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta ya mwalimu na kishikwambi cha mwanafunzi vilivyo ndani ya chumba kimoja: vinapeana masomo moja kwa moja, na hakuna senti inayokatwa na mtandao wa simu.

Kinachohitajika ni kompyuta mpakato moja, ruta moja ndogo isiyo na laini, na programu iitwayo Kolibri. Programu hiyo ni ya bure, ilitengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti, na unaweza kuitumia kwa Kiswahili. Unaipakua mara moja pamoja na masomo unayoyataka, pale unapopata mtandao mzuri mjini, au unanakili kutoka kwenye diski ya mwenzako. Ukirudi shuleni unaiwasha kwenye kompyuta, unaunganisha kompyuta na vishikwambi kwenye ruta ileile, halafu kila kikundi kinafungua kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta yako ikifuatwa na :8080. Anwani yenyewe kwenye Windows unaipata kwa kuandika amri ya ipconfig kwenye dirisha la amri (Command Prompt). Iandike ubaoni kwa chaki, herufi kubwa, kwa maana watoto wakikosea nukta moja dakika kumi za kipindi zimekwenda.

Sasa nije kwenye kitu ambacho, kwa nionavyo, ndicho kinachozaa dhana hii kwamba bila bando kishikwambi hakina kazi. Kishikwambi kikiungana na ruta isiyo na intaneti, hutoa onyo kwamba mtandao huo hauna intaneti, kisha kinauliza kama ubaki hapo. Mwalimu akiliona onyo lile anasema "si nilikuambia," anazima, anarudisha kabatini. Onyo hilo ni la kweli na halina madhara yoyote. Chagua kubaki, weka alama ya kutoulizwa tena, na uzime data ya simu, maana ukiiacha wazi kifaa kinaweza kuihamia kimyakimya na anwani yako isifunguke. Nimeona semina nzima ikikwama kwenye onyo hilo moja.

Umeme nao huletwa kama kisingizio. Ruta ndogo hula umeme kidogo mno, na nyingi hutumia volti 12 au volti 9. Soma maandishi kwenye adapta yake. Ikiwa ni 12, betri ya sola ya shule ya volti 12 inaitosha kwa waya unaofaa. Ikiwa ni 9, usiiunge kwenye betri hiyo bila kifaa cha kupunguza volti, utaiunguza ruta. Tena ruta ya bei nafuu haiwezi kubeba vifaa arobaini vinavyocheza video kwa pamoja. Wagawe watoto watano au sita kwa kishikwambi kimoja. Na hili huwa nalisema mpaka walimu wananicheka: andika swali la somo ubaoni kabla kifaa chochote hakijawashwa. Kikundi kisicho na swali kitaangalia picha tu.

Kwa kusoma peke yake bila mtandao, kuna programu ya Kiwix, inayofungua Wikipedia nzima ya Kiswahili kutoka kwenye memori kadi. Na siku ukiwa na mtandao, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure.

Dhana nyingine: "Nimewatumia notisi kwenye kundi la WhatsApp, kwa hiyo nimefundisha mtandaoni." Tulijidanganya hivyo shule zilipofungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, 2020, na bado tunajidanganya. Kurasa arobaini zilizopigwa picha kwenye simu ya baba anayerudi ziwani asubuhi si somo. Tuma sauti ya dakika tatu na swali moja, kisha yasahihishe majibu. Ukilazimika kutuma picha ya ukurasa, itume kama hati, la sivyo WhatsApp itaibana mpaka maandishi yasisomeke.

"Maabara ya kwenye kompyuta imemaliza tatizo la maabara." Haijamaliza. Majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta yaitwayo PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni mazuri mno kwa saketi na atomu, na Kolibri inayo. Lakini mkono wa mtoto haujifunzi kufunga bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, kwa kugusa kioo. Itumie kumwandaa, kisha mpe bureti yenyewe.

La mwisho linahusu flashi. "Imefuta mitihani yangu yote." Mara nyingi haijafuta chochote. Virusi vya kompyuta za stesheneri huficha mafaili na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Usizibofye, na usikubali mtu akufomatie. Safisha flashi kwa programu ya kuzuia virusi, halafu fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mitihani itaonekana. Ikionekana tu, inakili sehemu mbili tofauti siku hiyohiyo.