Dhana potofu kuhusu kuwaunganisha wafanyakazi na malengo ya kampuni

Bodi ikishaidhinisha mpango mkakati, uongozi wa kampuni kwa kawaida huitisha mkutano wa wafanyakazi wote, hueleza dira na malengo ya mwaka, kisha huamini kwamba kila idara imeelewa wajibu wake. Miezi michache baadaye idara ya mauzo inawaahidi wateja bidhaa ambayo idara ya uzalishaji haikupanga kuitengeneza, nayo idara ya fedha inabana bajeti ya kazi ileile iliyotangazwa kuwa ya kwanza kwa umuhimu. Lawama huelekezwa kwa uzembe wa watu, ilhali mara nyingi kila mmoja amefanya kazi yake kwa bidii, akiongozwa na imani kuhusu malengo ambazo hakuna aliyewahi kuzihoji.

Dhana: Lengo likishatangazwa, limeeleweka

Mwaka 2015 watafiti Donald Sull, Rebecca Homkes na Charles Sull walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha mameneja karibu 8,000 katika kampuni zaidi ya 250. Ni asilimia 55 tu ya mameneja wa ngazi ya kati walioweza kutaja hata kimoja kati ya vipaumbele vitano vikuu vya kampuni zao, na hawa ndio wanaotarajiwa kuwafafanulia walio chini yao. Kuongeza vikao na barua pepe hakusaidii sana pale ambapo dira, maadili, mikakati na malengo ya robo mwaka vyote vinatangazwa kwa uzito uleule, kwa kuwa msikilizaji hawezi kujua kipi kitangulie. Kipimo kizuri cha uelewa ni kumwomba mfanyakazi ataje kazi aliyoiacha au kuiahirisha kwa sababu ya lengo la kampuni. Asipoweza kutaja hata moja, lengo hilo bado halijafika mezani kwake, hata kama analijua kwa moyo.

Dhana: Malengo hushuka kutoka juu, na kila ngazi hugawiwa fungu lake

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na inastahili kuchunguzwa kwa kina. Peter Drucker, mwandishi wa masuala ya uongozi wa kampuni aliyeeneza usimamizi kwa malengo kuanzia mwaka 1954, alitaka kila meneja aandae mwenyewe malengo ya kitengo chake, huku uongozi wa juu ukibaki na haki ya kuyakubali au kuyakataa. Katika utaratibu wa Kijapani uitwao hoshin kanri, rasimu ya malengo hupelekwa chini na kurudishwa juu, na wanaotekeleza hueleza kinachowezekana, kwa rasilimali zipi, kabla ya lengo kupitishwa. Vivyo hivyo, mfumo wa malengo na matokeo muhimu, unaoambatanisha kila lengo na matokeo yanayopimika, ambao Andy Grove aliujenga katika kampuni ya Intel na John Doerr akaupeleka Google mwaka 1999, huzipa timu nafasi ya kupendekeza sehemu ya malengo yao. Kampuni nyingi zilizoiga mifumo hii zilichukua fomu zake na kuyaacha mazungumzo, na matokeo yake ni majedwali yanayojazwa mwanzoni mwa robo mwaka na kufunguliwa tena siku ya tathmini.

Kasoro kubwa zaidi ya mgawanyo wa kutoka juu ni kwamba haugusi uhusiano wa idara na idara. Katika uchunguzi huohuo wa mwaka 2015, asilimia 84 ya mameneja walisema wanaweza kuwategemea wakubwa wao na walio chini yao wakati wote au mara nyingi, lakini ni asilimia 9 tu waliosema wanaweza kuwategemea wenzao wa idara nyingine wakati wote. Kwa maneno mengine, mstari wa kushuka na kupanda ulikuwa imara kiasi, na mpasuko ulikuwa ubavuni. Idara ya huduma kwa wateja inaweza kuwa na lengo lililopitishwa na mkurugenzi mkuu mwenyewe, lakini ikiwa linategemea mabadiliko ya mfumo wa kompyuta ambayo wataalamu wa teknolojia hawakuyaweka katika mpango kazi wao, lengo hilo ni matumaini tu. Kwa maoni yangu, swali la kuulizwa kila timu kabla ya kupitisha malengo yake ni hili: mnahitaji nini kutoka kwa nani, kwa tarehe gani, na je, mhusika amekubali?

Dhana: Bonasi ikifungwa kwenye lengo, watu watalifuata

Watalifuata, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika benki ya Wells Fargo ya Marekani, wafanyakazi walishinikizwa kutimiza viwango vikali vya kuuza bidhaa nyingi kwa kila mteja. Mwaka 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi walikuwa wamefungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameachishwa kazi katika miaka iliyotangulia. Hakuna anayeweza kudai kwamba wafanyakazi hao hawakulijua lengo. Walilijua mno, lakini tarakimu iliyowekwa kuwakilisha uhusiano mzuri na mteja iligeuka kuwa lengo lenyewe, na mteja akasahaulika. Kinga mojawapo ni kukiambatanisha kila kiashiria na kingine kinachokisahihisha, kwa mfano idadi ya akaunti mpya pamoja na idadi ya zile ambazo mteja bado anazitumia baada ya nusu mwaka.

Dhana: Lengo likiwa gumu zaidi, juhudi huongezeka

Utafiti wa Edwin Locke na Gary Latham unaunga mkono nusu ya kauli hii: lengo mahususi lenye ugumu huleta utendaji bora kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo". Hata hivyo, mtekelezaji lazima awe amelikubali lengo, awe na uwezo wa kulitimiza, na apate mrejesho akiwa bado kazini. Kwa kazi ngeni na changamano, lengo la kujifunza njia sahihi hufaa kuliko lengo la tarakimu.

Dhana: Timu zenye mwelekeo mmoja hazibishani

Ukimya kikaoni mara nyingi humaanisha kwamba pingamizi limehamia korido. Wafanyakazi wanaweza kutofautiana waziwazi kuhusu njia, kisha wakatekeleza uamuzi mmoja, ilimradi sababu za uamuzi zimeandikwa na kila mtu anajua ni nani mwenye mamlaka ya kuubadilisha iwapo hali itabadilika katikati ya mwaka.