Saratani mbili za damu kwa mgonjwa mmoja: maswali na majibu

Baba yetu ana miaka 71. Anahudhuria kliniki kwa lukemia sugu ya limfositi na hajaanzishiwa dawa, anafuatiliwa tu. Sasa tumeambiwa ana mailoma pia. Je, ugonjwa umesambaa?

Hapana, haujasambaa. Hizi ni saratani mbili tofauti. Damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Kati ya chembe nyeupe zinazozaliwa humo kuna limfositi B, na baadhi ya hizo hukomaa zikawa chembe za plazma, zile zinazotoa kingamwili za kupambana na maradhi. Lukemia ya baba imeanzia kwenye limfositi B. Mailoma imeanzia kwenye chembe ya plazma. Wapo wagonjwa ambao kwao saratani zote mbili zimetokana na chembe mama moja, na wapo ambao kila moja imeanza kivyake. Vipimo vya maabara huweza kutofautisha.

Kukutana kwa magonjwa haya mawili ni nadra, lakini madaktari wa damu wanalifahamu jambo hilo. Yote mawili ni ya umri mkubwa.

Amelalamika mgongo muda mrefu na damu imekuwa ikipungua. Kwa nini hawakuona mapema?

Kwa sababu kila dalili ilikuwa na maelezo tayari. Mgongo ukasingiziwa uzee, upungufu wa damu ukasingiziwa lukemia. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopoteza muda, nami nawasihi mlizingatie hili hata kwa magonjwa mengine: mtu akiwa na ugonjwa mmoja mkubwa, kila kinachozuka hubebeshwa ugonjwa huohuo.

Lukemia sugu ya limfositi huvimbisha tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena, hukuza bandama, huleta jasho jingi usiku na maambukizi ya mara kwa mara. Kula mifupa si kawaida yake. Mfupa ukiuma bila kupoa, au ukavunjika kwa jambo dogo, figo zikidhoofu, au kalsiamu ikipanda kwenye damu hadi mgonjwa akawa na kiu kali, choo kigumu na kuchanganyikiwa, daktari anapaswa kutafuta mailoma. Hutafutwa kwa kipimo cha protini za kwenye damu na mkojo, picha za mifupa, na kuchukua uboho.

Kuna mtego mmoja kwenye mkojo. Ile karatasi ya kuchovya hutambua zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu, na protini ya mailoma huweza kuipita bila kuonekana. Jibu la “mkojo safi” kwa karatasi hiyo halitoshi.

Tumekuwa tukimnunulia diclofenac dukani kwa ajili ya mgongo. Tuendelee?

Acheni leo, na mwambieni daktari wake kwamba alikuwa akiitumia. Mailoma hutoa protini zinazoziba na kuumiza mirija ya figo. Diclofenac na ibuprofen huongeza madhara juu ya figo hizo, na mgonjwa anaweza kufikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine. Zipo dawa nyingine za maumivu, zikiwemo morfini, na daktari atachagua inayomfaa. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama amewekewa kiwango.

Itatibiwa ipi kwanza?

Ile inayomtishia zaidi sasa, na kwa maelezo yenu huenda ikawa mailoma. Lukemia yake ikiwa imetulia inaweza kuendelea kufuatiliwa bila dawa. Huo si uzembe: kwa mtu asiye na dalili, kuanza tiba mapema hakujaonekana kurefusha maisha. Muulizeni daktari wazi kila dawa inalenga ugonjwa upi, kwa sababu baadhi hugusa yote mawili.

Je, dawa za saratani zenyewe zinaweza kuleta saratani nyingine ya damu?

Kwa baba yenu hilo halikutokea, maana hakupewa dawa yoyote. Kwa wengine hutokea, ingawa ni wachache. Dawa kama melphalan na cyclophosphamide huweza kufuatiwa na lukemia kali, ile inayokwenda kasi, miaka 5 hadi 10 baadaye. Etoposide huweza kuileta mapema zaidi, mara nyingi ndani ya miaka 3. Hata hivyo, saratani isiyotibiwa ni hatari iliyopo leo. Msikatae tiba kwa hofu hiyo. Hudhurieni kliniki hata baada ya kupona.

Sisi watoto tutaambukizwa?

Hamtaambukizwa. Kuleni naye, laleni naye chumba kimoja, mshikeni mkono. Wenye ndugu wa damu aliyeugua wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuugua, lakini wengi wao hawaugui kamwe. Mwenye kuhitaji kulindwa na maambukizi ni yeye, kwani magonjwa yote mawili hudhoofisha kinga. Mwenye mafua asimkaribie, na joto lake likifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.