Kausha damu na wanayodhani watu kuhusu dini na mikopo

"Dini inakataza riba, basi." Wengi tunaishia hapo, na ndipo tunapokosea. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuweka rehani jiwe la kusagia, maana aliyelichukua amechukua uhai wa mwenyewe. Riba haikutajwa. Kutoka 22 inamtaka mkopeshaji arudishe vazi la maskini kabla jua halijatua, asije akalala na baridi. Na Qur'ani 2:280 inaagiza mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka afarijike. Kumsamehe ni bora zaidi. Kwa hiyo anayebeba cherehani ya fundi au majiko ya mama lishe kwa deni la kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kali, amevunja agizo hata kama riba yake ni ndogo. Tena cherehani ikishaondoka, deni litalipwa na nini? Na zile programu za simu zinazowatumia ndugu zako ujumbe ili uaibike, ni yale yale.

"Mashehe na wachungaji wanawatetea wasiolipa." Hata. Mtume Muhammad (S.A.W.) alisema mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu, na Zaburi 37:21 inamhesabu anayekopa bila kulipa kuwa mwovu.

"Benki ya Kiislamu ni riba iliyobadilishwa jina." Lawama hii haikosi msingi, kwani unaweza kulipa ghali kweli. Katika murabaha, benki inanunua bajaji, kisha inakuuzia kwa bei ya juu mliyokubaliana. Ila bei hiyo haipandi ukichelewa, na faini ikiwapo kwa kawaida hupelekwa kwenye sadaka. Kwa aliyewahi kuona deni la laki likizaa laki jingine, hilo si dogo.

"Viongozi wa dini hawajui fedha, waiachie serikali." Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, walifungua nyumba ya rehani ya riba nafuu mjini Perugia, Italia, mwaka 1462. Mwaka 2013 Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wa Kanisa la Anglikana Uingereza, aliivalia njuga Wonga, kampuni ya mikopo ya muda mfupi yenye riba kubwa, akitaka vyama vya kuweka na kukopa viishinde sokoni. Punde ikafichuka kwamba fedha za Kanisa lenyewe zilikuwa zimeingia Wonga kwa njia ya mzunguko. Aibu hiyo aliikiri hadharani, akaendelea kusema. Januari 2015 mamlaka za Uingereza ziliweka ukomo: riba na tozo zote za mkopo wa aina ile zisizidi kiasi kilichokopwa. Wonga ilianguka mwaka 2018.