Ndama wa nyangumi aliye peke yake juu ya maji hajapotea

Kusi ikishashika, nyangumi wa nundu huingia katika maji yetu ya pwani ya Kenya. Kuanzia Julai hadi Oktoba huonekana tangu Shimoni na Diani hadi Watamu na Malindi, na simu zinazopigwa ofisini huongezeka. Nyingi ni za watu wenye nia njema: mtu ameona mtoto wa nyangumi "aliyeachwa na mamake", amemsogelea kwa boti, na sasa anauliza amsukume upande gani. Tafadhali, msimsukume upande wowote.

Ndama huyo ana mama, na mama yuko chini yake. Mtoto hawezi kukaa na pumzi muda mrefu, hivyo hupanda kila baada ya dakika chache, ilhali mkubwa aweza kutulia chini robo saa au zaidi. Maji yakiwa yamechafuka, hata nahodha mwenye macho makali hatamwona. Aliyezaliwa karibuni mtamtambua kwa ngozi yake ya kijivu kilichofifia na pezi la mgongoni lililolala upande, kwani lilikuwa limekunjwa tumboni kwa muda wa miezi 11 au zaidi. Ana urefu wa mita 4 hivi, lakini shahamu ya kumkinga na baridi bado ni haba. Ndiyo sababu mama husafiri zaidi ya kilomita 5,000 kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzalia kwenye maji ya joto.

Na hapa kwetu mama huyo hali karibu chochote. Chakula chake, uduvi wa bahari ya baridi, amekiacha huko. Ananyonyesha maziwa ambayo zaidi ya theluthi yake ni mafuta, na mafuta hayo yanatoka mwilini mwake mwenyewe. Kila mara anapoikimbia boti anachoma akiba inayopaswa kuwarudisha wote wawili kusini. Akipiga maji kwa mkia mara kwa mara, au akibadilisha njia kila mnapomkaribia, hachezi na wageni wenu. Hili tumelieleza kila msimu, na bado kuna wanaowaambia watalii kwamba anawasalimu.

Kwa manahodha, umbali tunaoshauri ni mita 100 kwa nyangumi mzima na mita 300 kwa mama mwenye ndama. Njooni kwa ubavuni, mkienda sambamba naye kwa mwendo wa pole. Msimkabili kwa mbele, msimfuate kwa nyuma, na boti isipite kati ya mama na mtoto hata kama nafasi inaonekana kubwa. Boti mbili zinatosha. Ya tatu isubiri mbali. Baada ya nusu saa ondokeni, hata kama wageni wamelipa zaidi. Akiibuka karibu yenu bila kutarajiwa, toeni gia na mashine iwe huru mpaka apite. Mkiizima kabisa, huenda mkasikia wimbo wa dume kupitia mbao za chombo. Madume wa eneo moja huimba wimbo ule ule, nao hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

Jarife, wavu wa matundu makubwa, ni mtaji, tunalijua hilo. Lakini nyangumi akinaswa, mtu asiingie majini, wala msikate kamba inayoburura nyuma yake. Mkiikata, waokoaji hawatakuwa na pa kumshikia, naye ataondoka na wavu umemzunguka mdomo au mapezi. Pigeni simu kwa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) na kwa mwenyekiti wa BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kisha mumfuate kwa mbali ili asipotee machoni.

Aliyekwama ufuoni akiwa hai asivutwe mkia. Mloweshe kwa maji ya bahari na vitambaa vibichi, lakini tundu la pumzi lililo juu ya kichwa lisimwagiwe maji wala kufunikwa. Watu na mbwa wasimkaribie.

Mzoga nao una mambo yake. Hubeba vijidudu vinavyoweza kumdhuru binadamu, na gesi ikijaa tumboni unaweza kupasuka. Wanaotafuta ambari, ile nta ya thamani itumikayo katika manukato, humo wanajisumbua: ambari hutoka kwa aina nyingine kabisa ya nyangumi, yule alaye ngisi kwenye kina kirefu. Nyangumi wa nundu hana ambari, hajawahi kuwa nayo. Wanaokata mafuta wakitaka kupaka mashua nao wajue kwamba mnyama huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kifungu cha 92 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, pamoja na marekebisho yake, kinahusu hata kipande cha mzoga: kupatikana nacho bila kibali ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Kusema ulikiokota ufuoni hakukupi kibali.

Unapotoa taarifa, taja mahali, saa, kama maji yamejaa au yamekupwa, na kama mnyama yu hai. Ukiwa na picha ya upande wa chini wa mkia itume, hata iwe na ukungu. Alama nyeusi na nyeupe za hapo hutofautiana kwa kila nyangumi, na kwazo tunaweza kujua kama huyo ameshawahi kuonekana kwetu au kwingineko.