Faili ikae ku kazi yake, hapana mu WhatsApp

Niko nawekeaka Redmine, programu ya kuandika na kufuata kazi, sosiete ndogo ndogo za hapa Lubumbashi, zile zinachomelea matanki, zinatengeneza mabomba na kazi ingine ya chuma kwa ajili ya migodi ya Likasi na Kolwezi. Redmine ni ya bure, inakaa ku seva yako mwenyewe, na kazi zinaandikwa vizuri mule. Shida ni mafaili. Unafungua kazi, unakuta imeandikwa "plani imetumwa", lakini plani yenyewe haiko, iko mu WhatsApp ya shefu, ingine iko mu email, ingine iko mu klé USB ya injenia mwenye ameenda kongé. Na sudere ku atelye anakata chuma ya milimita 12 na plani ya zamani. Ile chuma hairudi, na mwenye analipa ni patron, kisha anakuja kupunguzia watu mushahara. Juu ya ile, mambo ya viambatisho mimi siichukui kama kitu kidogo hata.

Ya kwanza, faili inabandikwa ku kazi yenye inahusu, basi. Usifungue kazi moja unaiita "Dokima" halafu unatupa vyote mule, juu nani atakumbuka ile PDF ilikuwa ya tanki gani? Ikiwa ku kazi yake, Redmine inaandika nani aliiweka na saa ngapi, na maneno ya watu juu yake yako palepale chini.

Na ujue Redmine haifuniki faili ya zamani. Ukiweka "tanki.pdf" leo na kesho tena "tanki.pdf", zinabaki mbili, jina moja, na mutu mwenye haraka anafungua yoyote. Njo maana nalazimisha jina kama TANKI04_revB_2025-03-12.pdf, mwaka mbele, juu kompyuta inapanga kwa alama ya kwanza, si kwa akili. RevA, ile plani ya mbele ya revB, usiifute, siku kliya anabisha utaihitaji. Badilisha paka maelezo yake, andika "usikate na hii".

Sasa lile swali ninaulizwaka kila wakati: "juu ya nini inakataa faili yangu?" Kuna milango mingi na kila mulango una kipimo chake. Redmine yenyewe, ukiiweka bila kugusa kitu, inaruhusu kilobaiti 5120, ni kama megabaiti 5. Mbele yake watu wengi wanawekaka nginx, programu yenye inapokea kila kitu kabla ya kufika ku Redmine, na nginx bila kuguswa inakubali megabaiti 1 tu, ukipita pale inakurudishia 413, ni kusema faili ni kubwa sana. Kwa hiyo mutu anaenda mu Redmine, anaandika 51200, ni kusema megabaiti 50, anafurahi, anajaribu, 413 tena! Badilisha client_max_body_size mu nginx pia, kisha uambie nginx isome upya. Wenye wanatumia Trello ya bure, programu ingine ya kufuata kazi yenye iko ku Internet, kule ni megabaiti 10 kwa faili, na haina seva ya kugusa.

Lakini hata ukifungua milango yote, mega ni za kununua. Mutu akiwa Kolwezi na telefone, anapandisha megabaiti 40, rezo inakatika karibu na mwisho, anaanza upya na forfe imekwisha. Mimi nasema hivi: ku kazi weka PDF yenye atelye itasoma, ile DWG nzito, faili ya kuchorea plani, ikae mu folda ya seva pale biro, na uandike linki yake ku kazi.

Mafoto ya shantye nayo. Ukituma kama foto mu WhatsApp, inapunguzwa, na tarehe na mahali vyenye vilikuwa ndani ya faili vinapotea. Kliya akitaka kuona soudure kabla ya rangi, hauna cha kumuonyesha. Tuma kama dokima, ao pandisha moja kwa moja ku kazi.

Na bakap, hapa njo ninakuwaka mukali. Database ya Redmine inashika paka jina la faili, mwenye aliiweka na kazi yake. Faili yenyewe iko inje, mu folda inaitwa files, na jina lake mule linaanza na namba za tarehe na saa. Ukibeba database peke yake kila usiku, siku diski itakufa utarudisha yote, utaona majina ya plani zote yamepangwa vizuri, unakliki, hakuna kitu. Ukibeba folda peke yake, una mafaili yenye hayajui kazi yake. Beba vyote viwili usiku mumoja, na folda uibebe na rsync, programu ya kukopia mafaili: mara ya kwanza itakawia, zinazofuata inachukua paka mafaili mapya, hata koneksyo yetu ya hapa inaweza.